Samaki Chini ya Mlima Sagalla

Wanaume wengine wakistaafu hutaka pikipiki, au mke mdogo, au kugombea uzee wa kanisa, na hayo yote watu wameshayazoea. Baba yangu alitaka samaki. Si wa kununua sokoni Voi wakiwa wamekauka kama soli ya kiatu. Alitaka samaki hai, wa kwake, wakiogelea nyuma ya nyumba ambamo mimi nilikulia nikioga kwa maji ya kikombe, nimesimama ndani ya karai ili hata yale machafu yasipotee.

Nyumba hiyo iko kwenye tambarare chini ya mlima wa Sagalla, upande unaotazama reli. Shamba lilikuwa la mama. Alipewa na babake kabla sijazaliwa, na ndugu zake walilimeza jambo hilo kwa shida, kwa kuwa alikuwa ameolewa na mtu wa kuja. Baba ni mtu wa ziwa, wa kule magharibi karibu na mpaka. Alifika Voi akiwa kijana, akaandikwa kwenye gangi la reli, kazi ya kubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli, na kukaza vyuma juani, akaoa hapa na akabaki hapa. Watu wa Sagalla walimwita shemeji, wote, hata waliokuwa wadogo kuliko mimi. Ni jina la heshima. Pia ni jina linalomkumbusha mtu kila asubuhi kwamba hapa si kwao.

Kwetu maji hayaachwi wazi. Pipa hukaa ndani ya nyumba, lina kifuniko, na juu ya kifuniko pana jiwe. Maji ya kufulia humwagwa jua likiwa bado juu, kwenye mizizi ya mpapai, ili pasibaki tope. Sufuria hailali nje ikiwa na maji, hata tone. Sababu ni ndovu. Kiangazi kikikaza mbugani wanatoka kutafuta, na pua zao zinajua mahali maji yalipo kuliko sisi wenyewe tulioyabeba. Hakuna aliyetufundisha haya kama somo. Tuliyashika tu, na nadhani tuliyashika kuliko tulivyoshika amri za kanisani.

Baba aliyajua yote haya. Alikuwa ameishi nayo tangu ujana wake. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba mzee wa watu hakujua, mimi damu hunichemka.

Alianza kuchimba baada ya kustaafu, mahali ambapo maji ya mvua hutoka kwenye kalvati chini ya tuta la reli na kuingia shambani kwetu. Mwanzo mama alidhani ni choo. Nilikuwepo Jumapili aliyomwuliza, nimetoka mjini Voi ambako nina kibanda cha kushona sare za shule.

"Mzee, choo gani kikubwa hivyo?" mama akamwuliza. "Unategemea wageni wangapi?"

"Si choo. Ni bwawa."

"La nini?"

"La samaki."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akauona uso wa baba, akaacha. Mimi sikucheka hata kidogo. Nilimwambia palepale kwamba ni wazimu, na yeye akaniambia nirudi kwenye cherehani yangu.

Mjomba, kaka mkubwa wa mama ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuja kuzungumza naye kiungwana. Alikaa, akanywa chai, akaulizia afya, halafu akasema, "Shemeji, hapa maji ya wazi ni kuwaita ndovu kwa majina yao."

"Nitawafukuza," baba akasema. "Miaka yangu yote kwa reli tumewafukuza hao. Ukipiga filimbi wanatoka mbio."

Filimbi yenyewe ilikuwa ikining'inia shingoni mwake. Ilikuwa ya kazi, ya chuma, ile ambayo gangi walipigiwa watoke relini treni ikikaribia. Ni kweli ndovu walikuwa wakikimbia filimbi hiyo ilipolia. Watu wote wa gangi lake waliamini hivyo, na wengine wanaamini mpaka leo. Haikumpitia hata mmoja wao akilini kwamba kila filimbi ilipolia, nyuma yake ilikuwa inakuja treni.

Mvua za vuli zikajaza shimo. Alikuwa ametandika turubai la plastiki chini ili maji yasinywewe na udongo. Vifaranga wa samaki alienda kuwaleta mwenyewe, huko kwao, wakiwa ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Ile safari nzima ya basi aliwapakata. Mama aliniambia alifika asubuhi miguu imevimba, akapita mlangoni bila kusalimu, akaenda moja kwa moja bwawani.

Nitasema ukweli: alikuwa na furaha. Alikalia taruma kuukuu la mbao ukingoni, akimega mkate na kuutupa kidogo kidogo, na samaki wakija juu alitabasamu tabasamu ambalo sikuliona siku ya harusi yangu. Niliwaonea wivu samaki. Mtu mzima mimi, na watoto wangu, nilisimama nyuma ya baba yangu nikiwaonea wivu samaki.

Ziwa lake lilikaa vizuri miezi ya mvua. Kiangazi kilipoingia maji yakaanza kushuka, na hapo ndipo ujinga wake ukageuka kuwa kitu kingine. Mama alikuwa mwanakikundi wa akina mama wenye tangi la maji pale karibu na kanisa. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka mlimani, siku yakitoka, na kila mwanachama alikuwa na mgao wake. Mama alibeba mitungi yake kwa mgongo, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Akiitua tu, baba anachukua mmoja na kwenda kuumimina bwawani. Nilimwona kwa macho yangu. Maji ambayo mke wake alikuwa ameyabeba kutoka kanisani, akiwapa samaki, na sisi tunaambiwa tuoshe sahani kwa maji kidogo.

"Mama, unakubalije?" nilimwuliza jikoni.

"Ameomba kitu gani kingine tangu anioe?" akasema, akaendelea kupepeta pojo.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa kabisa. Mto Voi ulibaki mchanga. Samaki walikuwa wamekua sasa, na bwawa lilikuwa ndilo maji pekee ya wazi kwa umbali wa kuchosha. Ndovu walikuja wakitokea upande wa mlima badala ya upande wa reli, maana yake walipita kwanza kwa watu wengine. Mimi nilipofika asubuhi, baada ya mama kunipigia simu, nilikuta nyayo kuanzia kanisani mpaka kwetu, mstari mmoja kama barabara. Tangi la kikundi lilikuwa limelala ubavu, limepondwa. Bomba lilikuwa limeng'olewa. Pojo ya mjomba, ambayo ilikuwa imeponea tundu la sindano kwa ukame ule, ilikuwa imekanyagwa yote. Hakuna mtu aliyeumia, na hiyo ilikuwa bahati ambayo hatukustahili.

Majirani wote walikuwa wamesikia filimbi. Baba alikuwa ameipuliza mpaka midomo ikachanika, na ndovu walikunywa wakamaliza kiu yao, wakaoga, wakaondoka kwa wakati wao. Kuanzia siku hiyo vijana wa bodaboda walimwita refarii. Mama aliniambia kwamba kulipopambazuka, kabla hajauliza kama kuna mtu amekufa, baba alitazama lile tope akasema, "Wamebaki wengi." Alikuwa anawasema samaki.

Nilimchukia asubuhi ile. Sioni haja ya kulipamba hilo.

Wiki hiyo waligombana, yeye na mama, jambo ambalo sikuwahi kulisikia utotoni. Mama alimwomba alifukie shimo. Baba alisema bila samaki wake hana sababu ya kukaa katika nchi hii ya vumbi, atarudi kwao. Akatoka akapiga mlango. Baada ya hapo hawakuzungumza tena habari hiyo. Wazazi wangu hawakuwa watu wa kurudia mazungumzo. Neno likishatoka, kila mmoja aliondoka na lake na kukaa nalo.

Kikao kilifanyika kanisani Jumapili, baada ya ibada. Mwenyekiti wa kikundi cha maji ndiye aliyekifungua. Yeye na mama walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana, wameimba bega kwa bega kwenye kwaya, mama sauti ya kwanza na yeye ya tatu. Alizungumza kwa upole. Alieleza habari za tangi, za bomba, za akina mama waliokuwa sasa wakitembea hadi barabarani kutafuta maji. Hakumtaja mtu. Mjomba ndiye aliyetaja.

"Shemeji tumemheshimu," akasema. "Lakini sasa achague. Ama afukie hilo shimo, ama arudi kwao akafuge samaki huko kwenye maji. Hapa ni kwa baba yetu."

Watu wakaguna kukubali. Baba alikuwa amekaa benchi la mbele, kofia yake mkononi. Aliinua kichwa, nikadhani anataka kusimama. Mama akasimama kabla yake.

"Msimwonee mgeni," akasema. "Shamba ni langu, na bwawa ni langu. Mimi ndiye nilimwambia achimbe. Mimi ndiye nilitaka samaki."

Mwenyekiti akamtazama kana kwamba hakumjua.

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi utalifukia?"

"Sitalifukia," mama akasema, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikianzisha nyimbo humo ndani.

Nilimgeukia baba. Nilimngojea asimame aseme kwamba mke wake anadanganya. Kila mtu mle ndani alijua anadanganya. Mtoto mchanga angejua. Baba alitazama kofia yake, akaizungusha kwa ukingo, akanyamaza kimya.

Njiani nilimshika mama mkono, nikamwuliza ana nini. Baba alikuwa ametangulia mbali.

"Nalichukia lile shimo," aliniambia. "Nalichukia mpaka harufu yake. Lakini wangemfukuza, na yeye angeenda. Mama yake alipokufa hakwenda kuzika, unajua kwa nini? Nilikuwa karibu kukuzaa wewe, na mambo yalikuwa mabaya. Alikaa na mimi. Watu wa kwao hawajamsamehe mpaka leo. Sasa nimwache afukuzwe kwa sababu ya samaki?"

"Angejisemea mwenyewe. Ana mdomo."

"Wewe huyajui mambo ya ndoa," akaniambia, mimi niliyeolewa miaka hiyo yote.

Hawangeweza kumfukuza mama. Alikuwa binti wa pale, na shamba alipewa mbele ya mashahidi. Basi wakamfanyia kile walichoweza. Kikundi kilipopata tangi jipya, jina lake halikuwemo. Hakuna aliyemtukana. Alipofika na mitungi yake aliambiwa tu kwamba maji ni ya wanachama. Kwenye kwaya hawakumtoa, ila wakawa hawamwambii siku za mazoezi, na Jumapili akifika anakuta wimbo asioujua. Aliimba kwa kufuatisha midomo ya wengine majuma kadhaa, halafu akaacha kuvaa sare. Alikuwa mtu wa watu, mama yangu. Hakukuwa na msiba wala harusi Sagalla ambayo hakuipikia. Sasa alikaa mlangoni akiwatazama wenzake wakipita njiani kwa vicheko, na walipofika karibu na kwetu vicheko vilipungua.

Nilimwomba aje akae nami Voi. Alikataa. Nilimwomba baba, nilimpigia kelele, nikamwambia anamwua mama kidogo kidogo. Alinisikiliza, akasema nimerithi ulimi wa dada zake wa kule kwao, akarudi kwenye taruma lake. Alikuwa ametandika turubai jipya, mvua iliporudi bwawa likajaa tena, akalizungushia miiba na mabati, na mchana alilinda ndege wasile samaki. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Kazi ya mama ilikuwa kwenda hadi bomba la kule barabarani, njia ya mawe inayoteremka na kupanda, kwa sababu lile la karibu lilikuwa limefungwa kwake.

Alianguka huko. Mtungi ulimvuta nyuma, akaangukia nyonga. Aliyemwona kwanza ni mwendesha boda asiye wa kwetu, akamleta hospitali. Madaktari walifanya walichoweza, na baadaye nikamlaza nyumbani kwangu, chumba cha nyuma ya kibanda, katikati ya marobota ya vitambaa vya sare. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha. Mtu mzima akilazwa mgongoni kwa muda mrefu, kifua huingiwa na maji. Alikohoa wiki nzima. Baba alikuja kumwona siku mbili, na siku zote mbili aliondoka mapema kwa sababu hakuna mtu wa kuwalisha samaki. Mama alimruhusu. Alimwambia, "Nenda, mzee, nenda." Akafa kabla baba hajarudi mara ya tatu.

Kwenye matanga walikuja wote. Kwetu msibani kila mwanamke huja na mtungi wake wa maji, kwa sababu ya mapishi na wageni, na ua wetu ukajaa mitungi kuanzia mlangoni hadi kwenye mpapai. Mwenyekiti alileta miwili. Alilia kwa uchungu, naamini kabisa alilia kwa uchungu, akataka kunikumbatia. Nilisimama kama gogo. Maji yote yale, na aliyeyahitaji alikuwa ndani ya sanduku. Walimwimbia zile nyimbo zake, tena waliimba vizuri.

Baada ya mazishi sikurudi kule kwa muda. Sikutaka kumwona baba. Lakini kulikuwa na swali lililonikaa kooni, sikuweza kulimeza wala kulitema, na mwishowe nikafunga kibanda mchana nikapanda boda nikaenda. Nilijua ninachokwenda kufanya. Nilitaka akiri kwa mdomo wake kwamba alikuwa mwoga, kwamba aliketi akamwacha mke wake avae lawama yake mbele ya watu wake. Nilitaka aumie.

Nilimkuta kwenye taruma. Amekonda. Samaki walikuwa wakubwa sasa, migongo yao ilionekana.

"Baba," nikasema bila salamu, "siku ile kanisani ulinyamaza kwa nini?"

"Siku gani?"

"Siku mama aliposema bwawa ni lake."

Alifikiri kidogo. "Sasa mimi ningesema nini? Alikuwa amesema yote."

"Unajua aliyoyasema?"

"Najua. Alisema yeye ndiye alitaka." Akatikisa kichwa taratibu, na nikaona, Mungu wangu, nikaona anatabasamu. "Mimi hata sikuwa najua. Miaka yote nilifikiria hii ni kitu yangu peke yangu, yeye ananivumilia tu. Halafu nikasikia anasema mbele ya watu wote, hata mbele ya ndugu yake. Nilishindwa kuongea. Tulipofika nyumbani nilimwambia asante. Hakukuambia?"

Hakuniambia.

"Unajua mimi nilikuwa nimeshakata shauri?" akaendelea, macho yake yakiwa kwenye maji. "Asubuhi ile kabla ya kanisa. Niliona nimekosea watu. Nilikuwa nimeshaazima sepetu mbili, ziko pale nyuma ya jiko. Nilitaka kusimama niwaambie kesho nafukia. Mama yako akanitangulia." Akamega mkate. "Langu ningelifukia. Lake ningelifukiaje?"

Nilifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yale mama aliyoniambia njiani, pamoja na ile harufu aliyoichukia, na yangetosha kummaliza mzee yule palepale alipoketi. Nikaufunga.

Nimewasimulia watu wawili tu jambo hili, na wote waliniambia nilifanya vyema kumhurumia. Sikumhurumia. Ningemwambia, angelifukia kesho yake, na mama angekuwa amekufa bure kabisa.